Kamba na Kidole: Miaka 12 Kwenye Miamba ya Elgon

Nilizaliwa katika kambi ya polisi mjini Mbale, Uganda, chini ya Mlima Elgon, ambako watoto wa Wagisu, Waiteso, Waacholi na Walugbara tulicheza pamoja kwa Kiswahili kwa kuwa hakukuwa na lugha nyingine iliyotutosha sote. Kila tulipotoka nje asubuhi tuliuona ukuta wa Wanale umesimama juu ya mji, na usiku mvua ikinyesha, kesho yake maji membamba meupe yalikuwa yakishuka kwenye ukuta huo kutoka juu hadi chini. Aliyenifundisha kufunga fundo langu la kwanza ni jirani yetu, askari mstaafu ambaye tuliendelea kumwita Afande miaka mingi baada ya kuvua sare. Kabla ya kuniruhusu kugusa mwamba alinikalisha chini, akaniwekea kamba mapajani, akanitaka niipitishe yote mikononi mwangu, mita baada ya mita, macho nimefumba. Nilidhani ananipima uvumilivu. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba ule ndio ulikuwa ukaguzi wenyewe, na kwamba vidole huhisi mambo ambayo macho huyapita.

Sasa nimekwea kwa miaka 12, sehemu kubwa ya miaka hiyo kule Sipi, wilayani Kapchorwa, ambako kuna njia zilizofungwa boliti za kushikizia kamba kwenye kuta za mwamba wa volkeno karibu na maporomoko ya maji. Kila Jumamosi isiyo na mvua nafundisha vijana wachache wa eneo hilo. Swali wanaloniuliza mara nyingi ni namna ya kupata nguvu upesi, na mara chache sana huniuliza namna ya kutunza kamba. Kwangu mimi maswali hayo mawili ni kazi moja. Kamba huchakaa kwa ndani kabla ya kuonekana nje, na kano za vidole huumia kwa namna hiyo hiyo. Vyote viwili nilivijua kwa hasara, na ndiyo sababu naandika.

Nianze na kamba. Katika mwaka wangu wa tatu nilinunua kamba mpya ya mita 60 kwa fedha zilizozidi mshahara wangu wa mwezi mzima. Kwa kuwa niliishi Mbale na kukwea Sipi, niliiacha kwenye stoo ya ndugu zetu huko juu, imetundikwa vizuri kwenye msumari, mbali na jua na panya. Chini ya msumari huo palikuwa na betri ya umeme wa jua, ile nzito yenye maji ya asidi ndani, na sikuifikiria hata kidogo. Baada ya miezi miwili nilimwonyesha Afande kamba yangu, ambayo bado ilikuwa nyekundu na laini kama siku niliyoinunua. Akaniuliza, "Mwanangu, ilikuwa inalala wapi?" Nilipomweleza hakusema neno. Alichukua kisu, akakata kipande cha upande uliokuwa umening'inia karibu na betri, akaivua ala ya nje na kuzivuta nyuzi za ndani. Zilikatika mikononi mwake kama nyuzi za mgomba uliokauka.

Kamba ya kukwea hutengenezwa kwa nailoni, na nailoni haivumilii asidi ya salfuriki, ambayo ndiyo iliyomo kwenye betri za gari na betri nyingi za sola. Si lazima imwagike. Hata mvuke wake, au tone lililokaukia kwenye buti la gari, linatosha kuharibu nyuzi bila kubadilisha rangi yake. Katika nchi yetu, ambako nyumba nyingi za vijijini zina betri sebuleni au stoo, na ambako mizigo husafirishwa kwenye buti la taksi pamoja na jenereta na madebe ya mafuta, hatari hii ni kubwa kuliko ile ya jiwe lenye makali. Tangu siku hiyo kamba yangu hukaa ndani ya mfuko wake, mfuko huwa chumbani ninapolala, na nikipanda taksi naupakata. Dawa ya kung'arisha nguo ninaihofia vilevile, kwa hiyo haikai kwenye beseni ninalofulia kamba.

Ni vizuri kujua kamba yenyewe imeundwaje. Ina sehemu mbili: ala, yaani ule mfuko uliosukwa unaoonekana kwa nje, na kiini, yaani mafungu ya nyuzi za ndani yanayobeba sehemu kubwa ya uzito. Kamba ya kumdaka mtu anayeanguka lazima inyumbuke. Kipimo cha Ulaya kinachoitwa EN 892 kinataka kamba inayotumika peke yake ihimili angalau mianguko 5 ya uzito wa kilo 80 kwenye mashine ya majaribio, na mvuto wa mwanguko wa kwanza usizidi kilonewtoni 12, yaani kama uzito wa kilo 1,200. Kamba isiyonyumbuka, ambayo wageni hushukia kando ya poromoko kuu la maji la Sipi lenye urefu wa karibu mita 100, ni kifaa cha kazi nyingine kabisa. Nimewahi kumwona kijana akitaka kukwea akiongoza, yaani akitangulia na kuipitisha kamba kwenye boliti njiani, kwa kamba ya aina hiyo kwa sababu ilikuwa nene na ilionekana imara. Unene wake usingemsaidia. Angeanguka, mshtuko wote ungemwishia kiunoni, kwenye boliti na kwa mwenzake aliyemshikia kamba.

Adui wa pili wa kamba hapa kwetu ni vumbi. Udongo mwekundu wa mlimani ni mwembamba kama unga, hupenya kati ya nyuzi za ala na kuingia kwenye kiini, na kila kamba inapokunjwa chini ya uzito chembe hizo hukwaruza nyuzi kwa ndani. Ndiyo maana siweki kamba chini kamwe. Nina turubai dogo, na mtu akiikanyaga kamba namwomba kwa upole atoe mguu, hata awe mgeni wa heshima. Kila baada ya wiki sita hivi wakati wa kiangazi naiosha kwa maji ya kawaida yasiyozidi nyuzijoto 30, kwa sabuni laini kidogo sana, naisuuza mpaka maji ya beseni yawe maangavu, kisha naianika kivulini kwa siku mbili au tatu. Kivuli ni muhimu. Tuko karibu na ikweta na Sipi iko juu kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Jua linalokausha kahawa yetu vizuri ndilo linalochosha nailoni. Msimu wa mvua, kuanzia Machi hadi Mei na tena kuelekea mwisho wa mwaka, kazi hubadilika: kamba iliyolowa hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kumdaka anayeanguka mpaka ikauke, kwa hiyo mvua ikitukuta ukutani tunashuka, hatumalizii njia.

Hanesi, yaani mikanda ya kiunoni na mapajani anayovaa mkweaji, nayo ina sehemu moja ninayoitazama kila siku, nayo ni kitanzi cha mbele ambako hufungwa karabina ya mshika kamba, ile pete ya chuma yenye mlango wa kufungua na kufunga. Mwaka 2006 Todd Skinner, mmoja wa wakweaji hodari wa Marekani, alianguka na kufa kwenye mwamba wa Leaning Tower kule Yosemite kwa sababu kitanzi cha hanesi yake, kilichokuwa kimechakaa, kilikatika alipokuwa akishuka. Mtu huyo alikuwa amekwea maisha yake yote. Namtaja kwa heshima, na nawasimulia vijana habari zake kila mwanzo wa mwaka, kwa sababu wengi hudhani ajali ni ya wanaoanza. Kitanzi kikianza kutoa manyoya, kikibadilika rangi, au mshono wake ukionyesha hata uzi mmoja uliokatika, hanesi hiyo imemaliza kazi. Haishonwi kwa fundi cherehani. Nasema hivi kwa sababu niliwahi kuletewa hanesi iliyoshonwa upya kwa uzi wa viatu, kwa ustadi mkubwa na kwa nia njema, na ilinibidi kuikata mbele ya mwenyewe.

Karabina zinasumbua kidogo kuliko hizo. Zile za kukwea zimechorwa ubavuni nguvu zake: kwa kawaida kilonewtoni 20 au zaidi kwa urefu, lakini 7 hivi tu zikivutwa kwa upana au mlango ukiwa wazi. Kilonewtoni moja ni kama uzito wa kilo 100, kwa hiyo hesabu hiyo kila mtu anaweza kuifanya mwenyewe na kuona kwa nini karabina iliyolala upande ni jambo la kusimamisha kazi. Mlango ukigoma kufunga, ninaosha kwa maji ya uvuguvugu na mswaki wa zamani, nakausha, kisha natia unga wa penseli kwenye bawaba. Mafuta ya baiskeli hukusanya vumbi na baada ya wiki mlango unakuwa mgumu kuliko mwanzo. Karabina iliyochimbwa na kamba mpaka ikatoa ukingo mkali naiondoa, kwa kuwa ukingo huo utakata ala ya kamba mpya. Zile za rangi nzurinzuri zinazouzwa barabarani kwa ajili ya funguo hazina maandishi ya nguvu, na mahali pake ni kwenye funguo.

Hili linanileta kwenye mitumba. Soko la Owino kule Kampala lina kila kitu, na nimewahi kupata hapo viatu vya kukwea vilivyokuwa na soli nzima kwa bei ya sahani chache za chakula. Viatu nitanunua, koti nitanunua. Kamba, hanesi, mishipi na kofia ya kukwea sinunui mkononi mwa mtu nisiyemjua, hata zikiwa safi kiasi gani, kwa sababu sijui zililala wapi. Betri ya stoo ile ilinifundisha kwamba usafi hauelezi lolote. Watengenezaji wengi husema kitambaa chochote cha kazi hii kisitumike zaidi ya miaka 10 tangu kilipotengenezwa, hata kama hakijaguswa, na kamba inayotumika kila wiki huenda ikaisha ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo nina daftari. Kila kifaa kina ukurasa wake: tarehe ya kutengenezwa, siku ya kwanza kutumika, mianguko mikubwa, siku ya kuoshwa. Daftari hilo limeniepusha na mabishano mengi, kwa sababu kila mtu hukumbuka kamba yake kuwa changa kuliko ilivyo.

Sasa kidole. Katika mwaka wangu wa sita nilikuwa na nguvu kuliko nilivyowahi kuwa. Nilijivuta kwenye mti mara 15 bila kupumzika, nilikwea siku nne kwa wiki, na niliona misuli ya mikono inakua karibu kila mwezi. Siku moja nikiwa kwenye ukingo mdogo wa jiwe, vidole vimekunjwa kabisa na dole gumba limevikandamiza kwa juu, mguu uliteleza na uzito wangu wote ukashukia kidole cha pete cha mkono wa kushoto. Nilisikia mlio, kama kijiti kikavu kinachovunjika. Mwenzangu aliyekuwa chini akinishikia kamba aliusikia pia.

Ndani ya kidole kuna kano inayotoka kwenye misuli ya kigasha hadi kwenye ncha, na kano hiyo hubanwa karibu na mfupa na vikuku vidogo vya nyama ngumu. Tunapokunja kidole kwa mshiko ule wa kubana, vikuku hivyo hubeba mzigo mkubwa kuliko uzito unaoshikwa, na kile kilicho chini ya kidole, karibu na kiganja, ndicho kinachochanika mara nyingi. Daktari aliniambia nina bahati, kimechanika kwa sehemu tu. Nilikaa wiki nyingi bila kukwea na miezi kadhaa kabla ya kuuamini mkono huo. Kosa halikuwa mguu kuteleza. Misuli ina damu nyingi na huongezeka nguvu ndani ya wiki chache. Kano na vikuku vina damu kidogo, navyo huhitaji miezi na hata miaka kuimarika. Nilikuwa nimetengeneza injini mpya na kuiweka kwenye fremu ya baiskeli ya zamani. Nje nilionekana imara kuliko wote. Ndani nilikuwa kama ile kamba nyekundu.

Tangu hapo nimebadilisha mazoezi yangu, na ninayowapa vijana ni yaleyale. Kwanza, miaka miwili ya mwanzo nguvu za vidole hutoka kwenye kukwea kwenyewe, kwenye njia nyingi rahisi, wala si kwenye vifaa. Mwanafunzi wangu hupanda na kushuka njia moja rahisi kwa dakika 15 mfululizo, kamba ikiwa imefungwa juu, akipumua kwa utulivu, mpaka kigasha kianze kuvimba kidogo tu. Akivimba kupita kiasi anashuka. Zoezi hili halina sifa, na vijana wengi hulichukia, lakini ndilo linalofungua njia za damu kwenye mikono. Wakati huohuo anafundishwa kuweka mguu bila sauti. Mguu unaopiga mwamba kwa kishindo ni mguu usiojua unakwenda wapi, na mzigo unaokataliwa na mguu hubebwa na kidole.

Baadaye, kwa mtu mzima tu, tunaingia kwenye ubao. Wangu nimechongewa na seremala wa Mbale kwa mbao ya mvule, una kingo za kina cha milimita 20 zilizosuguliwa zisikate ngozi, na umefungwa juu ya mlango. Baada ya kupasha mwili joto kwa nusu saa, naning'inia kwa sekunde 10, vidole vikiwa vimekunjwa nusu na dole gumba liko pembeni, kisha napumzika dakika tatu. Mara tano, basi, na mara mbili tu kwa wiki. Anayeona ni vigumu huweka mguu mmoja kwenye kigoda ili kupunguza uzito, na hakuna aibu yoyote katika kigoda. Uchungu ukianzia kwenye kiungo badala ya msuli, siku hiyo imekwisha. Walio chini ya umri wa kumaliza kukua hawagusi ubao huo hata kidogo, kwa sababu ncha za mifupa yao bado hazijafunga na mzigo wa aina hiyo unaweza kuzivunja. Hapa huwa mkali. Vijana huniletea video za watu wanaoruka kwa mikono kwenye ngazi za mbao, na mimi huwaeleza kwamba Mjerumani Wolfgang Güllich, aliyeanzisha zoezi hilo mwaka 1988 na kulitumia kujiandaa kwa njia ya Action Directe aliyoikwea mwaka 1991, alikuwa tayari miongoni mwa wakweaji bora wa dunia alipoanza kulifanya.

Mazoezi mengine ninayataja kwa ufupi kwa kuwa hayana siri. Kupanda Wanale kwa miguu kutoka mjini mara moja kwa wiki kunatosha mapafu na mapaja. Kusukuma mwili kutoka sakafuni kunasawazisha mabega yanayovutwa mbele na kukwea kwingi. Chakula chetu kinafaa sana: matoke au posho, maharage, mayai, mboga za majani, na maji ya kutosha. Nimewaona wasichana wawili wakiacha kula ili wawe wepesi, na kwa muda walipanda vizuri, kisha wakaanza kuumia hovyo na kulala vibaya. Siruhusu mazungumzo ya uzito wa mwili kwenye kikundi changu. Usingizi wa saa nane na siku mbili kamili za mapumziko kwa wiki vimenipa nguvu kuliko zoezi lolote nililowahi kuiga.

Kuna mahali pamoja ambapo hatufanyi mazoezi, nami napataja kwa sababu huulizwa. Kule Nyero, wilayani Kumi, mawe ya matale ni mazuri kwa kupanda bila kamba, lakini mapango yake yana michoro ya kale sana. Chaki tunayojipaka kukausha mikono, na mafuta ya mikono yenyewe, huharibu mwamba wa namna hiyo. Tunakwenda Nyero kutazama, mikono nyuma.

Jumamosi iliyopita msichana mmoja wa miaka 14 alikuwa zamu ya kukagua. Alikaa kwenye turubai, akafumba macho, akaanza kuipitisha kamba mikononi kama nilivyofundishwa mimi. Kwenye mita ya nane alisimama, akarudi nyuma, akapita tena. "Dada, hapa pamelegea," akasema. Nilishika. Ala ilikuwa nzima kabisa, lakini ilipokunjwa ilijipinda bapa kama mrija usio na kitu ndani, mahali palepale ambapo wiki mbili kabla kamba ilikuwa imekaa kwenye ukingo wa jiwe wakati mmoja wetu alipoanguka. Tulikata mita nane na nusu, tukaziba ncha kwa moto wa kibiriti, na kile kipande tukakikatakata vipande vya mita moja vya kujifunzia mafundo, ili asitokee mtu wa kukitumia ukutani.

Kisha nikamwuliza swali ambalo Afande aliwahi kuniuliza: sasa nini kimebadilika? Alifikiri kwa muda. Alama ya katikati ya kamba haiko tena katikati, akasema, na njia ndefu ya kule kushoto, ambayo kamba ya mita 60 iliitosha kwa shida, sasa haishukiki kwa kamba hii. Alifunga fundo nene kwenye ncha iliyobaki ili isije ikapita kwenye kifaa cha mshika kamba, akafungua daftari, akatafuta ukurasa, akaandika tarehe, na chini yake: mita 51 na nusu.